Pingamizi Dhidi ya Kuitwa Kaka Mkubwa

Remigius Sirili,
Chumba cha uani, nyuma ya stendi,
Bomang'ombe.

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Mwanzo.

YAH: MIRATHI YA MAREHEMU SIRILI WA MASAMA – OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MDOGO

Mheshimiwa Hakimu,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima na kiti chako hakijalegea. Mimi ni Remigius, mtoto halali wa marehemu, na si mtu wa kubabaishwa. Darasa la saba nimelisoma mara mbili kwa kulipenda. Lubumbashi nimefika na malori, Muscat nimekaa mpaka Waarabu wakanizoea. Mahakama nimeziona za nchi nyingi, nyingine nikiwa nimesimama upande usiofaa. Kwa hiyo ninapolalamika, ujue analalamika mtaalamu.

Nasikia umehamia kutoka Lindi, basi nikueleze mila yetu kwa ufupi. Huku mlimani baba akifa, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa shamba la tambarare, kule chini kwenye jua na mawe. Wa mwisho hubaki na nyumba ya baba pamoja na kihamba, yaani migomba na kahawa zinazoizunguka, na mama akiwa hai huishi naye humo. Marehemu alituzaa watatu: dada yetu Gladys, kisha mimi na Valerian. Mimi na Valerian ni mapacha.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu tupate akili mpaka siku ya mazishi, mimi na Valerian tuligombea ukubwa. Kila mmoja alisema yeye ndiye aliyetangulia kutoka. Siku ya Komunyo ya kwanza tulipigana kwa ajili hiyo, padre akatumwagia maji ambayo hayakuwa ya baraka. Lakini Mzee Eliufoo, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa ukoo, alipomaliza tu kukumbusha mila mbele ya waombolezaji, Valerian alinigeukia, akainama kama mwari, akasema, "Shikamoo, kaka." Mheshimiwa, huo ni wizi wa mchana kweupe! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwamkie yeye. Tangu siku hiyo tukikutana ananipa shikamoo, nami nampa shikamoo, na hakuna anayeitika marahaba, maana atakayeitika ndiye mkubwa na atakwenda kulima mawe. Juzi sokoni tulipeana shikamoo mpaka mama muuza ndizi akatuuliza, "Nyie wazee, mbege mmeanza kunywa saa ngapi?"

2. Mbuzi wa kumaliza matanga alichinjwa, kila mtu akapewa fungu lake kwa cheo chake. Kidari cha mtoto wa kiume wa kwanza kilitangazwa. Mimi nikatazama mlima, Valerian akatazama viatu vyake. Miaka yote tuling'oana vifungo kwa ajili ya nyama hiyo! Mama yetu, Mektrida, alikichukua akakitundika juu ya mafiga. Kipo huko mpaka leo kinapigwa moshi, kimekauka kama kandambili, kinamsubiri mwenyewe.

3. Valerian amepaka nywele zake rangi nyeusi. Mgeni aliyekuja kutoa pole alimwuliza anasoma kidato cha ngapi. Mimi kwa uadilifu wangu sikupaka rangi, nilinyoa ndevu tu na kuanza kula kwenye mkeka pamoja na wajukuu. Yeye akaona hiyo haitoshi, Jumapili akakaa benchi la watoto wa mafundisho. Naomba mahakama ipime yenyewe ni nani kati yetu anayeghushi.

4. Dada Gladys amependekezwa na ukoo kuwa msimamizi wa mirathi, na wote tumemkubali, kwani ndiye peke yake mwenye kabati linalofungika. Cheti cha kifo anacho. Kinachomkwamisha ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Mzee Eliufoo ameagiza watoto waandikwe kwa kufuatana walivyozaliwa. Gladys akasema, "Si tuandike kwa alfabeti, baba mdogo?" Akajibiwa, "Huu ni ukoo, siyo darasa." Basi Gladys yupo namba moja, na namba tatu tumesaini wawili tukibanana kama kuku kwenye tenga. Namba mbili ipo wazi kama nafasi ya kazi. Karani wako, Bi Rukaiya, ameurudisha. Kasema, "Baba zangu, sheria haijali nani alitangulia, inataka kujua warithi ni akina nani. Ila huyu namba mbili asiyekuwepo nikimpokea leo, kesho atakuja kudai." Naheshimu sheria. Lakini sheria haijawahi kuishi na Valerian.

5. Shahidi pekee anayejua ukweli ni mama, maana mkunga alishafariki. Tulimketisha, tukambembeleza kwa mtori na chai ya maziwa. Alijibu hivi, nanukuu: "Siku ile nilikuwa na shughuli, sikukaa mlangoni kuhesabu wageni." Huku ni kuficha ushahidi, na kwa kuwa ni mama yangu nakuomba umwonye kwa upole na umpe kiti.

6. Bati la nyumba limefumuka juu ya kitanda cha mama, na masika imeingia. Kwa mila, bati la mama hutengenezwa na mtoto mkubwa wa kiume. Ukipanda tu na nyundo, umekiri. Kwa hiyo mimi na Valerian, kwa mapenzi makubwa tuliyonayo kwa mama yetu, tumempa sufuria. Mimi nimeleta moja, yeye kaleta mbili kunikomoa. Mama analala katikati ya sufuria kama mgonjwa wa maonyesho.

Mheshimiwa, nisifiche. Nyumba ile siitaki kwa ajili ya bati wala kahawa. Ujana wangu wote nimelala kwenye vyumba vya watu na kwenye mabodi ya malori, na kila nilipolala nilisema, ipo siku nitalala pale anapokohoa mama. Valerian naye amepanga Shirimatunda na mkewe alishatangulia mbele ya haki, najua. Lakini kila mtu aandike barua yake.

KWA HIYO NAOMBA:

(a) Valerian aitwe mbele yako, nimwamkie, na mahakama imwamuru aitike.

(b) Akikataa, apimwe meno kama ng'ombe wa mnadani.

(c) Ikishindikana yote, mahakama itamke kwamba mimi Remigius bado sijazaliwa, kwa kuwa asiyezaliwa ni mdogo kuliko wote, hata Valerian ajipake lami. Haki yangu ya kuandika barua ibaki palepale.

Nisalimie Bi Rukaiya, askari wa mlangoni na wote wanaosubiri kwenye benchi, waambie wavumilie. Walioko Lindi nao wape pole ya kukukosa.

Ni mimi, mdogo wa wadogo,
Remigius Sirili

Nakala: Gladys. Mama (asomewe kwa sauti).

N.B. Kabla sijafunga bahasha mvua kubwa imeshuka. Nimepanda Masama nikamkuta mama ameegemeza ngazi, misumari mdomoni, mguu mmoja umeshapanda. Valerian alikuwa anatokea upande wa zizi. Tumekimbia wote, mimi nikawahi kufika paani. Nikiwa huko juu, bati mkononi, maji machoni, Valerian chini ameikumbatia ngazi isiteleze, rangi ya nywele inamtiririka mpaka kwenye kola, akaniangalia akasema taratibu, "Shikamoo, kaka." Kwa sauti ya baba kabisa. Nikaitika, "Marahaba, mdogo wangu." Gladys kasikia, Mzee Eliufoo kasikia akiwa barabarani chini ya mwamvuli. Mama aliingia ndani akatoka na kidari, akanipa. Nimekitafuna chote, taya bado linauma.

Kwa hiyo barua hii uichane, namba mbili niandike mimi, nyumba ni ya Valerian. Na kwa mamlaka yangu ya kaka mkubwa nimemwamuru anipe chumba kile kinachopakana na cha mama. Amekubali. Atamkataliaje mkubwa wake?