Jaribio la Kwanza Ndilo Jaribio

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari jekundu la mchezo wa mbio wa kompyuta lilikwama kwenye skrini, kona ya kwanza, mbele ya wanakamati saba. Ndivyo ulivyozinduliwa rasmi, hapa Nakuru, Mchakato wa Kupima Programu za Kuendesha Kadi za Michoro. Mimi ndimi katibu.

Programu hizo, zinazoiwezesha kompyuta kuchora picha kwenye skrini, zilikuwa mbili. Moja ni huria, haina malipo. Fundi wetu Chesang ameitumia miaka miwili katika kituo cha kompyuta cha Rongai. Ya pili inauzwa na Bwana Sydney, aliyetualika kwenye nyama choma ya Kikopey kwa mashauriano ya mbuzi mzima. Ikishinda ya Sydney, vituo vyote vitalazimika kuinunua; kituo cha Rongai, kisicho na fedha za leseni, kitafungwa, na Chesang ataenda nyumbani.

"Mara ya kwanza mashine inatafsiri maagizo ya rangi na vivuli, ndio maana inasitasita," Chesang alieleza. "Ikimaliza inayahifadhi. Turudie muone."

Mkurugenzi Muiruri alivua miwani. "Madam, mtihani haurudiwi. Katibu, andika."

Niliandika Kanuni ya Nne: jaribio la kwanza ndilo jaribio. Mkurugenzi akatia sahihi na muhuri. Programu huria: picha ishirini na mbili kwa sekunde. Ya Sydney, kwenye laptop yake mwenyewe: tisini. Kamati ilipiga makofi.

Chesang akafungua kumbukumbu za laptop hiyo. Tangu Ijumaa, mchezo ulikuwa umechezwa mara arobaini na moja.

"Nilikuwa napasha mashine tu," Sydney alisema.

"Hiyo ni kiporo, boss. Umepasha, ukatuletea."

Mama Wangechi, mwanakamati anayesoma kila anachotia sahihi, aliuliza kama Kanuni ya Nne ina wenyewe wasiobanwa nayo. Haikuwa nao. Ikaamuliwa programu zote mbili zijaribiwe upya kwenye kompyuta moja ambayo haijawahi kuchezewa chochote.

Tulikagua ofisi nzima. Kompyuta kumi na moja zilikutwa na mchezo wa karata, tatu zikiwa katikati ya mchezo. Iliyobaki safi ilikuwa moja: ya Mkurugenzi, ya bei ghali kuliko zote, ambayo kwa mujibu wa ripoti zetu imeendesha huduma zote za kidijitali za idara kwa miaka mitatu. Ilikuwa bado ndani ya nailoni. Juu yake palikuwa na kitambaa cha kufuma na flaski ya chai.

"Hiyo ni ya kazi nyeti," Mkurugenzi alisema.

"Kanuni iko na muhuri wako, mzee," alisema Mama Wangechi, akiishika flaski.

Programu huria ilisitasita kidogo, ikafika arobaini na nane. Ya Sydney ilidai leseni, ikapewa, ikafika kumi na tisa.

"Turudie hii ya Sydney kidogo," Mkurugenzi alisema.

"Mtihani haurudiwi, boss," alisema Chesang.

Saa sita na dakika mbili, Mkurugenzi alitia sahihi matokeo. Saa sita na dakika nne, aliuliza flaski yake imewekwa wapi.