Posa Iliyokuja kwa Disketi

Fulgensi Mponda,
Mchombe,
Juni 1997.

Kwa Mzee Masanja Luhende, Idete.

Ndugu mheshimiwa,

YAH: POSA YA MWANAO OMEGA KUTUFIKIA BILA NENO HATA MOJA

Natumaini u mzima, wewe, mama Nyamizi na mifugo yote. Sisi hatujambo, mpunga umeingia ndani, isipokuwa binti yetu Balbina, aliyekuja likizo kutoka Ifakara, amenuna na chakula chake anakula mbwa. Sababu ni posa ya mwanao. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini mzee mwenzangu, nimekasirika.

1. Mshenga wenu, Bwana Kassian, alifika Jumapili baada ya misa, akavua kofia, akaketi, akafungua leso. Ndani ya leso hamkuwa na bahasha. Mlikuwa na disketi! Alipoulizwa posa iko wapi, alisema imo humo. Alipoulizwa inasemaje, alisema yeye ametumwa kuleta, si kujua. Jamani, tangu lini mtu akaposa kwa kitu kisichofunguka hata kwa kisu?

2. Ili tusimwaibishe mgeni, tuliongozana naye, mimi na dada yangu Wilhelmina, mpaka ghala la mpunga, ambako kuna kompyuta inayowaka jenereta likiwa na mafuta. Karani Teofili akaitia disketi ndani. Mashine ikakoroma, ikaikataa. Teofili akatueleza kwamba disketi ni kama shamba la mpunga: lazima ikatwe majaruba kwanza ndipo maneno yapandwe, na kila ukoo wa mashine una ukataji wake, wenyewe wanauita fomati. Hii yenu imekatwa Kimakintoshi. Mashine ya ghala ni Windows, majaruba hayo haiyajui kabisa. Sawa, hilo tungelisamehe. Lakini akaongeza kwamba Makintoshi, kabla ya kukata, humuuliza mtu: fomati yangu, au ya DOS ili na wenzangu wasome? Kumbe aliulizwa! Aliulizwa, akachagua ya kwao. Kijana anayekwenda ukweni hachagui mlango ambao mkwe hawezi kupita.

3. Kisha mashine ikatuuliza sisi: disketi hii haina fomati, niikate sasa? Ndiyo au Hapana. Wewe ni mtu mzima, unajua posa haijibiwi hapana siku ya kwanza. Tunasema tumesikia, tutakaa na ndugu, mtaitwa. Tulitafuta kitufe cha tumesikia, hakipo. Teofili alitaka kutuonya, dada Wilhelmina akamkata kauli, maana yeye ndiye shangazi na neno la posa ni lake, akabonyeza Ndiyo kwa adabu zote. Mashine ikasaga, na maneno yote ya mwanao yakafutika tukiwa tunaangalia, tena tunatabasamu.

4. Mwishoni mashine ikaandika tarakimu ndefu ajabu. Wilhelmina akauliza kama hizo ni ng'ombe. Bwana Kassian, kwa kuona haya, akasema huenda. Tukapiga vigelegele. Ndipo Teofili akasema hapana, huo ni ukubwa wa nafasi tupu. Basi kwa ushahidi wa mashine, mwanao ametuletea utupu, ila mwingi.

5. Nimewaza ya mbele, nimekosa usingizi. Kijana amebatizwa, tunashukuru. Mambo ya kabila tumeyamaliza kwa utani. Lakini hawa wakioana, nyumba yao itakatwa majaruba ya nani? Mjukuu wangu akizaliwa Mmakintoshi, nikamwita asinisome, nimpeleke ghalani? Na mashine ikiniuliza lile swali lake juu ya mjukuu, nijibu nini?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: Omega aandike upya kwa kalamu; Baba Paroko, anapotangaza ndoa zile Jumapili tatu, atangaze na fomati, mwenye kizuizi aseme; na ule mradi wa wageni Ifakara anakofanya kazi mwanao ubadilishe mashine zote au uhame bonde hili. Bila hayo, posa nimeikataa. Nasema kwa uchungu, maana kijana nilimpenda, na huzuni ya mwanangu inanichoma. Lakini siwezi kumtoa binti kwa mtu ambaye sijui ameniomba nini.

Msalimie mama Nyamizi, watoto, majirani wote wa Idete, na Bwana Kassian, mwambie kofia yake aliisahau ghalani. Verediana mke wangu anawasalimu sana.

Ni mimi, niliyekuwa karibu kuwa mkwe wako,
Fulgensi Mponda

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Verediana ameniambia jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa inalijua. Omega ni dereva wa mradi, mashine hajui hata kuiwasha. Aliyeichapa posa ni Balbina mwenyewe, ambaye mimi nilidhani ameajiriwa huko kupika chai. Makintoshi aliichagua yeye, makusudi, ili Teofili, anayesoma barua za watu wote kabla ya wenyewe, asiisome ya kwake. Leo amemsomea mama yake yote kwa kichwa, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Ni posa nzuri mno. Nimelia. Tafadhali njooni Jumamosi, mje na midomo yenu tu, na msichelewe, maana nasikia jibu langu nalo ameshalichapa.