Kukandamiza Maziwa na Asali

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimepata! Priska, mke wangu, hatateseka tena. Kila Jumamosi hushuka mlimani hadi mjini Same kuuza, kibuyu cha maziwa kichwani, cha asali mkononi. Jioni shingo humuuma, nami humkanda. Sasa basi: nitachanganya vyote viwili, nitavikandamiza mpaka vienee kwenye kichupa. Mimi si ndiye mwalimu wa sayansi? Na maabara ninayo.

Jumanne, 4 Agosti
Mchanganyiko nimeutia kwenye bomba la chuma. Nimekaza skrubu. Umeshuka! Nimeruka. Anaeli, mwalimu wa hesabu, amechungulia dirishani, akasema lililoshuka ni povu tu. Hewa hubanika, maziwa hayabaniki. Wivu huo!

Jumatano, 5 Agosti
Nimeengua povu kwa kijiko. Nimekaza. Kimya. Nimekaza tena, mguu ukutani. Kizibo kimefyatuka! Picha mpya ya Malkia imelowa maziwa hadi kwenye taji. Mzee Filemoni, Mwalimu Mkuu, ameniuliza kwa upole wa kutisha kama nimechoka kazi. Nimefuta, nikafuta tena. Asali haifutiki. Nzi wamemng'ang'ania Malkia.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimemweleza Priska yote. Amecheka mpaka akaketi chini. Kisha akauliza: hata kama yangeenea kwenye kichupa, uzito ungekwenda wapi?
Uzito! Sikuufikiria.
Akanishika mkono. "Baba Susana, ukitaka kunisaidia, beba kibuyu kimoja."

Jumamosi, 8 Agosti
Nimebeba. Cha maziwa, kichwani, juu ya kata. Wanaume njiani wamenicheka, Anaeli kuliko wote. Wacheke. Priska alitangulia akiimba; sikuwa nimemsikia akiimba njiani tangu Susana azaliwe. Mzee Swalehe, mwenye hoteli, ameitikia shikamoo yangu, akasema hajapata kuletewa maziwa na mwalimu. Tumekunywa chai pale, mimi na mke wangu, bila haraka. Usiku yeye ndiye amenikanda shingo.

Jumapili, 9 Agosti
Shingo haigeuki. Ibada nzima nimetazama dirisha badala ya mchungaji. Hapo ndipo nilipong'amua: kosa lilikuwa kukandamiza! Maziwa yakichemka hupanda, na kinachopanda ni lazima kiwe chepesi. Priska ayabebe yakiwa yanachemka! Anaeli atakoma. Nimemwomba sufuria. Ametabasamu, akanipa ile kuukuu.