Vali Mpya Kwenye Gari la Marehemu Wilfred

Jumatatu, 4 Novemba
Vali imefika! Alumini tupu, inang'aa kama jino la tajiri. Dada yangu Hazel, ambaye ndiye mwenye nyumba na hachoki kunikumbusha, ameuliza ni ya nini. Nikamweleza kwa upole. Turbo inasukuma upepo kwenye injini. Ukiachia mafuta ghafla upepo unakwama, na vali inaupa njia ya kutokea. Ile ya kiwandani ni ya plastiki, inafanya kazi kimya kama mwizi wa kuku. Hii itapiga psshh! mpaka chumbani kwa Leighton Pask. Hazel akasema kumbe ni ya kumuudhi jirani. Hajui ufundi.

Leighton gari lake linapiga mluzi. Kila asubuhi ananipigia dirishani kwa makusudi. Jumamosi tunashindana, barabara ya mfereji hadi darajani. Atakayeshindwa atakiri mbele ya klabu yetu nzima ya magari kwamba mwenzake ndiye dereva.

Jumanne, 5 Novemba
Karatasi ya maelezo inasema dakika ishirini. Nimetumia saa sita. Boliti ziko tatu. Mbili zilitoka bila maneno. Ya tatu imejificha nyuma ya turbo, mahali ambapo Mungu hakukusudia mkono ufike. Ngozi ya vidole vyangu imebaki huko.

Jambo la ajabu. Niliilegeza, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, imekaza. Nikailegeza tena. Chai tena. Imekaza tena! Leighton aliegemea ua akaniambia, kaka Rodney, boliti hufunguliwa kwa kushoto. Kushoto nakujua! Mara ya nne sikwenda kunywa chai. Nilikaa nimeishika mpaka ikatoka.

Jumatano, 6 Novemba
Majaribio. Ukungu mzito, mashamba yote yamemezwa. Nikakanyaga, nikaachia, nikangoja psshh.

Haaa...

Ndivyo ilivyolia. Ndefu, ya uchovu, kama mzee aliyekwisha kumwonya mtu mara tatu. Nikarudia. Haaa... Mara ya tatu ililia mguu wangu ukiwa bado kwenye mafuta.

Nikarudi nyumbani, nikazima injini, ufunguo mfukoni. Tulikuwa mezani mimi na Hazel tulipoisikia kutoka nje. Haaa... Hazel akaweka kikombe chini. Akasema ni upepo tu. Nikatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umesimama tuli, hata jani halikutikisika.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwenda kwa Bi Doreen Gosling, aliyeniuzia gari mwezi wa nne. Leo ndipo anaponiambia kwamba mumewe, Wilfred, alifia humo. Pale pale karibu na daraja. Aliegesha vizuri pembeni, akavuta breki ya mkono, akafa. Mambo kama haya mtu huambiwa kabla!

Nikawasha mbele ya lango lake, nikakanyaga, nikaachia. Bi Doreen akashika nguzo. Kisha akatengeneza nywele zake.

"Rodney mwanangu, umeitia nini gari ya watu?"

Akasema huyo ni Wilf. Miaka arobaini na mitatu alishusha pumzi hivyo hivyo kila alipomwona mtu anakimbiza gari. Akaniomba nirudishe vali ya zamani, nimwache mzee apumzike. Halafu akaniomba nikanyage tena, mara moja tu. Nimekanyaga mara kumi na moja. Alilia, akanipa kipande cha keki. Nimemwahidi kwamba nitairudisha ile ya zamani.

Baada ya Jumamosi.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimekaza springi ya vali ili sauti iwe kali. Imekuwa kali kweli. Sasa si haaa. Ni hah! Kama mtu aliyekasirika. Sikukawia garini.

Jumamosi, 9 Novemba


Saa nne asubuhi, ukungu kama pamba. Hazel sikumwambia. Leighton akashusha kioo: "Rodney, kama unataka kujitoa sema sasa hivi, nisije nikakulea njiani." Tukaondoka. Niliongoza! Mimi! Mluzi wake ulikuwa nyuma yangu.

Kabla ya daraja, vali ikalia. Haaa... Ile ya kwanza, ndefu. Nguvu zikaisha. Nilikanyaga kama nakanyaga uji. Nikatukana, nikabembeleza. Gari likajisogeza pembeni taratibu, likasimama. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Sikuivuta mimi.

Leighton akanipita na mluzi wake. Kisha mluzi ukakatika. Kisha maji.

Nikakimbia. Tela la trekta lililojaa viazisukari, vile vya kutengenezea sukari, lilikuwa limekwama kwa kupasuka gurudumu, limeziba daraja lote, halina hata taa moja. Leighton alilikwepa, akaingia mferejini. Maji yalikuwa yamefika madirishani. Nikaingia na viatu, nikamtoa kwa ukosi wa shati.

Alipopata pumzi hakunishukuru. Aliuliza yule mzee ni nani.

Mzee gani?

"Uliyekaa naye mbele. Mwenye kofia. Nilipokupita alinitazama, akatikisa kichwa."

Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Tukakaa ukingoni, hakuna aliyetaka kugeuka kulitazama gari langu. Baadaye nikamkumbusha kwamba hakufika darajani, kwa hiyo ameshindwa.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimekagua kila kitu. Mipira ya kupitisha upepo imekaza, vali safi, injini imewaka mara moja. Hakuna ubovu. Leighton amekiri mbele ya klabu, sauti yake ndogo, kisha akasema haendeshi tena kwa mashindano. Klabu imeniingiza kwenye mbio za Jumapili. Bi Doreen alikuja, akafuta kiti cha abiria kwa leso yake, akauliza habari za vali ya zamani. Nimemwambia wiki ijayo.

Jumatano, 13 Novemba
Nimetafakari sana yaliyotokea na nimepata somo. Tatizo ni uzito. Gari lenye watu wawili haliwezi kukimbia kama lenye mtu mmoja; hata mtoto wa shule anajua. Jana niling'oa kiti cha abiria.

Leo asubuhi nimefungua mlango. Kwenye kiti cha nyuma, mkanda ulikuwa umefungwa. Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umejikunja kwa mbele, kama unavyopita juu ya tumbo la mtu.

Nimeufunga mlango. Kisha nimekwenda kuchukua spana. Cha nyuma kina boliti nne tu.