Jina Langu na Mtambo wa Kuhakiki

Kwa niaba ya Idara ya Uhakiki wa Majina, mimi Mkurugenzi nina furaha kuutangazia umma kwamba uzinduzi wa mtambo wetu mpya leo asubuhi umefana sana, ukiacha saa tatu na nusu ambazo haukufanya kazi.

Saa mbili kamili foleni ilikuwa imeshafika getini. Nikaweka utaratibu: mlango wa mbele ni wa wenye cheo kwenye kitambulisho kipya, wengine wote wapange foleni. Bawabu nikamwagiza asimwonee mtu haya. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mshonaji, kamshika mjukuu wake mkono. Uandikishaji wa shule unafungwa saa sita, na mtoto ambaye jina lake halijahakikiwa hana nafasi hadi mwaka ujao.

Kama kiongozi, nilitangulia. Nikaandika jina langu, vyeo vyangu tisa, na mwishoni alama ya mshangao, kama ninavyotia sahihi siku zote. Mtambo ukanyamaza.

"Mkuu," akasema fundi wetu wa kompyuta, "kanuni hii ya kuhakiki hatukuiandika sisi, tuliichukua ikiwa tayari kwenye maktaba ya programu za kompyuta. Nilikuandikia mara tatu kwamba ina kasoro."

"Na nilijibu. Nilisema barua zimepokelewa."

"Inaligawa jina vipande vipande. Ikikuta hiyo alama isiyoijua, inadhani imekosea kugawa, inarudi nyuma, inagawa upya. Kila herufi ikiongezeka, kazi inazidi maradufu. Kwa vyeo tisa, mkuu, tutazeeka hapa."

"Iache imalize. Haraka haraka haina baraka."

Nikaunda kamati ndogo. Kamati ikaagiza chai. Saa tano na nusu bibi akachungulia dirishani.

"Baba, huyo anayehakikiwa ni mtu mmoja au ukoo mzima?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi jipunguze kidogo, mwanangu, tupite. Huyu mtoto ana jina lake na la baba yake tu."

Foleni nzima ikacheka. Niliona aibu, nakiri. Nikamruhusu fundi aikatize kazi ile na kuweka kikomo: jina lolote, sekunde mbili, basi. Jina la mtoto likapita kabla sijakohoa. Langu likakataliwa. Nikaandika jina tupu, nikapewa kitambulisho, nikatoka nje kuupungia umma mkono.

Niliporudi mlango wa mbele, bawabu akakisoma kitambulisho pande zote mbili.

"Sioni cheo hapa, mzee."

"Wewe! Unanijua miaka kumi na moja!"

"Nakujua sana, mkuu. Ndiyo maana siwezi kukiuka agizo lako."

Tangazo hili naliandika nikiwa wa mia mbili na kumi na nne kwenye foleni. Bibi amerudi kutoka shuleni, mtoto kaandikishwa. Ameniona, akasimama.

"Vumilia, mwanangu," amenipa pole. "Tangu walipoliondoa lile jina refu, inakwenda haraka."