Malalamiko ya Mtu Aliyefungiwa kwa Kusalimia

Kwa Msimamizi wa Soko la Mtandaoni,

Kwanza, hujambo? Nyumbani hawajambo? Umefuturu vizuri? Ningesubiri majibu yako, lakini nimefungiwa na siwezi kuyapokea, basi naendelea.

Kwa huzuni kubwa nautangazia umma kwamba Jumanne iliyopita, wakati watu wanakodolea macho mabakuli ya tende, mimi Gunarto Prawiro wa Klaten, mstaafu wa idara ya maji na mfugaji wa njiwa mmoja, nilitangazwa kuwa msambazaji wa ujumbe taka. Mji haukutikisika. Njiwa aliendelea kula. Mimi ndiye niliyekosa hamu, na nilikuwa nimefunga kutwa nzima.

Shida yangu ni ndogo. Natafuta kiti cha henzirani, kile cha mtoto kinachofungwa kwenye pikipiki mbele ya dereva. Mjukuu wangu Laras anakuja Idi kutoka Jakarta. Babu yake wa upande wa pili, Pak Darsono, ana gari lenye kiyoyozi. Mwaka jana alimchukua mtoto asubuhi kwenda kusalimia ndugu, akamrudisha amelala. Mimi nilibaki na kuku wa nazi. Mwaka huu nisipopata kiti, nitabaki na kuku tena. Sasa sikiliza malalamiko yangu:

1. Kanuni yenu inasema ujumbe usiohusu bidhaa ni taka. Hapa kwetu Java, anayeuliza bei kabla hajauliza hali ni mtu aliyelelewa na mbuzi. Kila muuzaji wa kiti nilimuuliza hali, nikamuuliza kama mvua inanyesha kwao, nikamuuliza kama daku ilimkalia vizuri. Bei ningeifikia. Nilikuwa njiani.

2. Kanuni inasema pia kwamba ujumbe uleule ukitumwa kwa watu wengi ni taka. Ni kweli, nilinakili. Lakini imamu wetu akimaliza sala hutoa salamu moja kulia na moja kushoto, na msikiti mzima unatosheka. Sijasikia amefungiwa.

3. Idi ikikaribia, kila mtu hapa humwomba kila mtu msamaha, kwa makosa ya wazi na ya moyoni. Nami niliwaomba wauzaji wote niliowahi kuwaandikia, hata yule wa pampu ya maji ambaye sikununua kwake hata msumari. Wa pampu akajibu, "Wee bwana, umenifanyia nini? Sema ukweli!" Muuza kabati akaandika, "Nimekusamehe kaka, ila kabati limeshauzwa." Mwingine aliniuliza kama naumwa. Je, taka hujibiwa hivyo? Hayo ni mazungumzo, tena mazuri.

4. Kuna vijana wanaoandika "Ipo?" bila jina wala salamu, na ukiwajibu "ipo" wanayeyuka kama barafu ya sharubati. Hao mnawaona wasafi.

5. Hili ndilo lililonichoma. Muuzaji ajiitaye Duka la Okidi alikuwa na kiti kizuri ajabu, cha zamani, mgongo umesukwa kwa mkono wa mtu aliyependa kazi yake. Nikaanza kumsalimia, leo kidogo, kesho kidogo. Nikamuuliza, "Mumeo hajambo, mama? Yupo nyumbani?" Akajibu, "Yupo. Ameatamia simu kama kuku." Nikampa pole kwa moyo wangu wote, nikamwambia wanaume wengine hawana haya, avumilie. Kabla sijagusa bei, akanishitaki kwenu. Mkanifungia.

Bwana Msimamizi, kwa kanuni hizi marehemu mama yangu, aliyesalimia hata bata wa jirani, alikuwa taka. Mwadhini naye mngemfungia: maneno yaleyale, kwa watu wote, alfajiri mpaka isha. Idi yenyewe mngeifuta, maana nchi nzima hutumiana ujumbe mmoja na hakuna anayeuza kitu.

Naomba basi akaunti yangu ifunguliwe kabla ya Idi. Naomba pia muuzaji yeyote asiruhusiwe kutaja bei kabla hajarudisha salamu. Na pembeni ya jina langu muweke alama ndogo, ya kijani ikiwezekana, watu wajue kwamba huyu ana adabu.

Wasalimie wenzako wote hapo ofisini, na anayewapikia chai. Kama aliyenifungia ni mashine, isalimie nayo. Sina kinyongo.

Ni mimi niliyefungiwa,
Gunarto Prawiro

Tanbihi: Barua hii imechelewa, na sababu ni hii. Kabla ya kuituma nilimsomea mke wangu, Murwani, jikoni. Nilipofika namba tano akaacha kukuna nazi.

"Njiwa Mwaminifu ni wewe?"

Nikasema ndiyo, ndilo jina langu huko sokoni, na picha ni ya njiwa wetu.

"Baba Wahyu! Mwanamume nisiyemjua ananiuliza kila siku kama mume wangu yupo nyumbani, halafu ananiambia mume wangu hana haya! Ulitaka nimwandalie chai?"

Duka la Okidi ni yeye. Alikuwa anapunguza vitu stoo. Kiti ni kilekile tulichombebea mwanetu Wahyu alipokuwa mdogo, na mimi nilikitazama pichani nikitamani kingekuwa changu.

"Ungeandika tu 'Ipo?' ungekipata siku ileile," akasema.

Kwa hiyo usifungue akaunti. Aliyenishitaki alikuwa na haki, na mimi ningekuwa yeye ningeita polisi.

Kiti kilimtosha Laras. Asubuhi ya Idi tulilipita gari la Pak Darsono limekwama kwenye foleni, kiyoyozi chake kinanguruma. Nilimsalimia. Nikamsalimia muuza maputo, na wazee wa kibarazani, na kila aliyekuwa barabarani.

"Babu, unawajua wote hao?"

Nikamwambia hapana.

"Sasa mbona unawasumbua?"

Tulipofika darajani, Laras mwenyewe akaanza kuwapungia mkono.