Kisa cha Vlasta Kubena, Aliyekula Kiapo Kwamba Anakaa Kwake

Nyamazeni, enyi wenye nyumba! Zimeni mashine za kukatia nyasi, tueni vikombe, mfungeni mbwa. Nawaletea habari ya Vlasta Kubena, mjane wa Alfons, fahari ya Kaunti ya Lavina, mwoka kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, asiyeshindwa na unga wowote wa Texas. Mwanamke aliyeishi katika nyumba moja miaka arobaini na moja bila kuihama hata wiki moja, kisha akatoka kwenda kupigana ili iandikwe kwamba anaishi humo. Wala msiseme kisa hiki ni kidogo. Waliosema hivyo bado wanalipa kodi nzima.

Chanzo cha vita kilikuwa kibao.

Miaka ishirini na sita iliyopita Kaunti ilituma watu wake kuzipa nyumba za mashambani namba, ili gari la wagonjwa lisizunguke tena kwenye mahindi huku mgonjwa akikata roho. Nyumba ya Kubena, ambayo tangu kujengwa kwake iliitwa Njia ya Posta ya Pili, Sanduku 118, ikapewa jina jipya: 4417, Barabara ya Kaunti 220. Kibao cha kijani kikapigiliwa langoni. Naye Alfons, mjenzi wa nyumba ile, mtu ambaye shingo yake haikuinama maishani ila kutazama injini, akasimama mbele ya kibao, akavua kofia, akanena:

"Nyumba hii nimeijenga mimi. Anayepewa namba ni ng'ombe."

Akaking'oa. Akazibia nacho tundu la banda la kuku. Tangu siku ile, kila barua iliyothubutu kuja na namba 4417 alimrudishia tarishi, ikiwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Hakai hapa. Alipofariki, mkewe alirithi nyumba, pikapu na kalamu. Miaka tisa mjane akailinda ngome ile ya wino bila kulala zamu. Kuolewa na mkaidi kunaweza kumpata yeyote. Kuuendeleza ukaidi wake akiwa kaburini ni kazi ya kujitakia.

Basi matajiri wa jiji la Austin wakaanza kununua mashamba ya jirani, na kila lilipouzwa shamba moja, thamani ya yaliyobaki ikapanda, na kodi ikapanda mgongoni mwa thamani. Barua za kawaida zilipotea kati ya majina mawili ya nyumba ile, lakini bili ya kodi ilifika kila mwaka moja kwa moja Sanduku 118. Adui hapotei njia. Mwaka juzi Vlasta aliuza mitamba akailipa. Mwaka jana akauza trekta. Mwaka huu hakubaki na cha kuuza isipokuwa nyumba yenyewe, na mnunuzi alikuwa tayari: Bwana Tanner Whitlock, mwenye viatu visivyojua tope, aliyetaka kuligeuza ghala la nyasi kavu kuwa ukumbi wa harusi, na chumba cha kulala cha Vlasta kiwe mahali pa maharusi kujipaka poda. Alitaka jibu Ijumaa.

Alhamisi asubuhi akaingia Albina Marek, dada yake Alfons, wifi wa shoka, mkononi keki ya plamu, mdomoni ulimi. Hakuketi. Aliiona bili mezani.

"Wifi, hapa palipoandikwa msamaha wa makazi mbona pana sufuri?"

"Kwani pawe na nini?"

"Usiniambie hujawahi kuomba."

"Alfons alisema ukiiambia serikali unakolala, kesho itakuja kuhesabu mablanketi."

"Kaka yangu alikuwa fundi wa injini, si fundi wa kodi! Mimi nina msamaha mwaka wa thelathini huu, na mablanketi yangu yote yapo." Albina akaipiga meza, sahani zikaruka. "Nyumba unayoishi mwenyewe, wifi. Siyo ya kupangisha, siyo ya wikendi. Unaomba mara moja tu. Wanakata sehemu ya thamani kwanza, ndipo wanapiga kodi kwenye inayobaki. Na ukipita miaka sitini na mitano, kodi ya shule inagandishwa hapo ilipo. Una miaka mingapi vile?"

"Unaijua."

"Naijua. Nataka uitaje."

"Sabini na moja, mchokozi wewe."

"Sita! Miaka sita kodi yako inawanunulia wacheza mpira wa Kimarekani wa shule helmeti, kwa hiari yako!"

"Kuna watu waliniandikia, nitume ada wanijazie hiyo fomu."

"Matapeli. Fomu ni bure. Vaa viatu."

Ndipo shujaa akajivika silaha. Akazichana nywele juu, akazipuliza dawa hata zikasimama kama mnara wa kanisa, na nzi aliyepita karibu akaanguka. Akatia mkobani bili ya kodi, bili ya umeme, leseni ya udereva na kolache sita za jibini, maana hakuna jeshi linalotembea na njaa. Albina akapanda kando yake, pikapu ikanguruma. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimekwama chini tangu Pasaka, upepo ukaingia, na mnara, baada ya maili kumi na nane za mapambano, ukalala upande wa mashariki.

Katika Ofisi ya Uthamini ya Kaunti, panapopokelewa fomu hizo, aliketi Bi. Treviño, mlinzi wa lango, mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni, moja kichwani. Akaipokea fomu. Akaitazama leseni. Akaitazama tena kwa miwani ya pili.

"Bibi, leseni inasema Sanduku 118. Nyumba unayoiombea ni 4417. Sheria inataka zifanane."

"Si ndiyo nyumba ileile!"

"Najua."

"Unajua?"

"Kila mtu anajua, bibi. Mama yangu hununua kolache kwako. Lakini kuna na hili." Akafungua droo, akatoa rundo la bahasha lililofungwa kwa mpira, akazipanga kaunta nzima, moja baada ya nyingine, kama mwendesha mashtaka. "Hakai hapa. Hakai hapa. Hakai hapa. Hii nyingine: Hakai hapa kabisa. Ni mwandiko wa nani?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo kusoma.

"Hizo tatu ni za Alfons," akasema Vlasta polepole. "Hiyo ya kabisa ni yangu."

"Mwenye nyumba ameiandikia Kaunti mara kumi na moja kwamba haishi kwake," akasema Bi. Treviño. "Na hii ya bluu, bibi, sijui kama nikwambie. Ndani yake mlikuwa na fomu hii hii ya msamaha."

Albina akaketi. Kisha akaruka juu tena.

"Wifi, hata mwizi huwa hajishtaki mara kumi na moja!"

Lakini Vlasta alikuwa amekwisha kuinuka, mkoba kifuani kama ngao, mnara wa nywele ukielekea dirishani, akanena kwa sauti iliyofika hadi idara ya leseni za mbwa:

"Sikiliza, binti wa Treviño, na ninyi mlioshika namba za foleni! Mimi nimezaa watoto watatu katika nyumba ile, mmoja jikoni kwa sababu pikapu ilikataa kuwaka. Nimeipaka rangi mara sita. Najua ubao gani unalia ukiukanyaga na ubao gani unanyamaza. Mume wangu ametoka mle akiwa amebebwa, na mimi nimebaki kufagia. Kama siishi mle, niambie, hii miaka arobaini na moja nilikuwa wapi?"

Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia. Mama mmoja akafuta jicho kwa bili yake.

Bi. Treviño akavua miwani yote miwili. "Nakuamini, bibi. Kaniletee leseni yenye 4417. Tunafunga saa kumi na moja."

Ilikuwa saa nane na nusu.

Ofisi ya leseni za udereva ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Pale shujaa alidaiwa kafara. Leseni yake ya zamani ilikuwa na picha iliyopigwa siku alipomwoza binti yake, nywele zimepanda hata zikatoka nje ya fremu, uso kama wa mtu anayejua keki imetosha. Mara zote tangu hapo alikuwa ameiongezea muda kwa posta, kwa ajili ya picha ile tu. Safari hii ilibidi apigwe upya.

"Nisubirini nizisimamishe."

"Nyuma yako wapo watu arobaini, mama," akasema mpiga picha.

"Wifi, chagua," akasema Albina. "Nywele au nyumba."

Enyi wasikilizaji, wako wafalme waliowahi kuulizwa swali jepesi kuliko hilo! Vlasta akafumba macho. Akayafumbua. Mwanga ukawaka. Picha ikatoka ya mwanamke aliyenusurika kimbunga, na kimbunga bado kiko kichwani. Kisha akatoa bili ile ile ya kodi iliyokuja kummaliza, kwa maana ndani yake, kwa maandishi madogo, jina lake na 4417 vilikaa pamoja. Akaiweka juu ya bili ya umeme. Na upanga wa adui ukawa ushahidi wake. Akapewa karatasi ya muda.

"Leseni yenyewe itakuja kwa posta," akaambiwa. "Huko 4417. Usiirudishe."

Saa kumi na dakika hamsini wakaingia tena kwa Bi. Treviño, Albina mbele akifungua njia kwa viwiko, kolache zimebaki mbili. Fomu ikakaguliwa. Karatasi ikakubaliwa. Kikabaki kitu kimoja.

"Kwa sababu ya hizi bahasha," akasema Bi. Treviño, "nataka maelezo ya kiapo. Kwa mwandiko wako, na kalamu yako."

Vlasta akaitoa kalamu nyekundu. Ilikuwa imezoea maneno mengine. Albina akamshika kiwiko. Na pale, juu ya kaunta, mbele ya mashahidi na kisahani cha klipu, mjane wa Alfons akaandika: Nakaa hapa. Akatia sahihi. Muhuri ukashuka kwa kishindo, na Bi. Treviño akala kolache moja kwa niaba ya Kaunti.

Ijumaa, alfajiri, kuku wakaamka na kukuta ukuta wao una dirisha. Kibao kilikuwa langoni, kimesuguliwa kwa sabuni, kimekazwa kwa skrubu nne, ingawa namba zake zilinuka kidogo. Saa nne na robo akaja Ervin tarishi, akasimamisha gari, akakitazama kwa muda mrefu.

"Bi. Vlasta, kuna hii moja. Ya 4417." Akainua bahasha nene, yenye jina la Bwana Whitlock pembeni na mkataba wa mauzo ndani, uliokosa sahihi moja tu. "Niirudishe kama kawaida?"

"Lete."

Hakuifungua. Akaiegemeza juu ya kibao, akachomoa kalamu nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa kiasi cha kusomwa kutoka Austin, kisha akamrudishia. Ervin akaisoma kwa sauti, kama mpiga mbiu:

"Anakaa hapa. Kabisa."

Na ikumbukwe katika kumbukumbu za Kaunti ya Lavina kwamba siku ile, saa nne na robo asubuhi, nyumba namba 4417 ilipata mkazi wake wa kwanza, baada ya kukaliwa miaka arobaini na moja.